Taiwan haijasema ndiyo, haijasema hapana

Muulize mkazi wa Taiwan kama anataka kisiwa chake kiungane na China. Huenda asikupe ndiyo wala hapana. Wengi husema tubaki hivi hivi kwanza.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Chengchi, katika mji mkuu Taipei, kimekuwa kikipima maoni hayo tangu 1994. Mhojiwa hupewa majibu sita, kuanzia muungano wa haraka hadi kutangaza uhuru haraka, na katikati zimo namna mbalimbali za kusubiri. Miaka yote hiyo walio wengi wamesimama hapo katikati. Wanaotaka muungano wa haraka siku hizi ni kama mmoja au wawili katika kila mia.

Wapo wanaowaita watu hawa waoga au vigeugeu. Nakataa. Sheria ambayo China iliipitisha mwaka 2005 inairuhusu kutumia nguvu Taiwan ikijitenga rasmi. Watafiti walipobadilisha swali na kuuliza, je, ungeunga mkono uhuru kama China haitashambulia, wengi walikubali. Walipotaja vita, idadi ikashuka sana. Mtu anayejibu huku ametishiwa bunduki anakwambia namna anavyotaka kuokoa watoto wake. Anachokitamani hujakisikia bado.

Pa kuyaona haya kwa karibu ni Kinmen, kisiwa kilicho chini ya Taipei lakini kilomita chache tu kutoka Xiamen, China bara. Agosti 1958 mizinga ya China ilianza kukimiminia makombora, zaidi ya laki nne kwa muda wa wiki sita hivi. Baadaye ikawa siku wanapiga, siku wanapumzika, makombora yakiwa yamejazwa vipeperushi, mpaka Januari 1, 1979. Vyuma vilivyobaki ardhini wahunzi wa kisiwani wakavikusanya. Huvikata, huvitia motoni, huvifua, vikatoka visu vya jikoni, na watalii wa China bara waliokuwa wakivuka kwa boti wamevinunua sana. Tangu Agosti 2018 Kinmen inapata maji kwa bomba lililopita chini ya bahari kutoka mkoa wa Fujian. Mama wa Kinmen anaweza kukata mboga kwa chuma alichorushiwa na jirani, akazipika kwa maji ya jirani huyo huyo. Sidhani kwamba kwa kufanya hivyo ameomba kutawaliwa naye.

Beijing iliahidi mfumo wa nchi moja, mifumo miwili, yaani Taiwan iwe sehemu ya China lakini ibaki na utaratibu wake. Rais wa China, Xi Jinping, aliurudia Januari 2, 2019, na miezi michache baadaye Wataiwan wakatazama Hong Kong, iliyokwisha kupewa ahadi hiyo, vijana wake wakipigwa mabomu ya machozi mitaani. Rais wa Taiwan wakati huo, Tsai Ing-wen, ambaye chama chake kilikuwa kimeangushwa vibaya katika chaguzi za mitaa za Novemba 2018, alishinda tena Januari 2020 kwa kura zaidi ya milioni 8.

Sisi Watanzania tuna sehemu yetu katika habari hii. Oktoba 1971 ujumbe wetu Umoja wa Mataifa, ukiongozwa na Salim Ahmed Salim, ulishangilia Beijing ilipopewa kiti cha China kilichokuwa kikikaliwa na serikali ya Taipei. Ilikuwa haki, China haikustahili kufungiwa mlango. Lakini kura ile iliamua nani akalie kiti. Wakazi wa kisiwani, ambao leo ni milioni 23, hawakuulizwa kitu, na wakati ule waliishi chini ya sheria ya kijeshi iliyoondolewa 1987. Rais wao walianza kumchagua wenyewe 1996.

Mwaka 2024 walimchagua Lai Ching-te kwa asilimia 40 tu, wakakinyima chama chake wingi bungeni. Wanabishana kweli kweli jinsi ya kuishi na China. Ila hata Hou Yu-ih, mgombea wa Kuomintang, chama kinachotaka mazungumzo zaidi na Beijing, aliomba kura akisema wazi kwamba anaukataa mfumo wa nchi moja, mifumo miwili.