Dawa za Kuyeyusha Bonge la Damu katika Shambulio la Moyo: Ipi Itumike?

Shambulio la moyo hutokea pale bonge la damu linapoziba ateri inayolisha msuli wa moyo. Mahali ambapo huduma ya kuzibua mshipa kwa puto haipatikani kwa wakati, tegemeo ni dawa za kuyeyusha bonge. Zinazotumika zaidi ni tatu: streptokinasi, alteplasi na tenekteplasi. Zote huamsha plazimini, kimeng'enya cha mwili kinachokata nyuzi zinazoshikilia bonge.

Streptokinasi hutokana na bakteria, na bei yake ni nafuu. Hutolewa uniti milioni 1.5 kwa dripu ya dakika 30 hadi 60. Yaweza kushusha shinikizo la damu na kuleta mzio. Kwa kuwa mwili huunda kingamwili dhidi yake, aliyewahi kuipata hapaswi kupewa tena.

Alteplasi imeundwa kwa mfano wa protini ya mwili wa binadamu, hivyo yaweza kurudiwa. Katika utafiti wa GUSTO wa mwaka 1993, uliohusisha wagonjwa 41,021, vifo ndani ya siku 30 vilikuwa asilimia 6.3 kwa alteplasi na takriban 7.3 kwa streptokinasi. Hata hivyo, damu kuvuja ubongoni kulizidi kidogo kwa waliopata alteplasi.

Tenekteplasi hudungwa mara moja tu, kwa kipimo kinachofuata uzito wa mgonjwa. Utafiti wa ASSENT-2 wa mwaka 1999 ulionyesha kuwa vifo vyake ni sawa na vya alteplasi, ila uvujaji wa damu nje ya ubongo ulikuwa mdogo zaidi.

Je, kituo chenye streptokinasi pekee kisubiri dawa bora? La. Tofauti kati ya dawa ni ndogo kuliko hasara ya kuchelewa. Faida ni kubwa zaidi katika saa za mwanzo, na hufifia kuelekea saa ya 12.

Kabla ya kudunga, mhudumu athibitishe ugonjwa kwa kipimo cha umeme wa moyo, kisha aulize kuhusu kiharusi cha kuvuja damu, upasuaji wa karibuni na kutokwa damu.

Nawe mgonjwa, maumivu ya kifua yanayobana na kusambaa mkononi au tayani usiyalalie hadi asubuhi. Wahi hospitali, na ukumbuke saa yalipoanza.