Nani aliyezipa nambari ĩ na ũ?

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Chaka, kati ya Kiganjo na Naro Moru, na karatasi za mtihani wa Gĩkũyũ alizipiga chapa mwenyewe kwa taipureta ya shule. Kila alipomaliza ukurasa aliuchomoa mashineni, akatwaa kalamu, akaanza kupita juu ya kila i na kila u iliyostahili kiwimbi, kwa kuwa mashine haikuwa nacho. Kazi ya kalamu ilimchukua muda mrefu kuliko ya mashine, nami niliketishwa kando yake nihakikishe kwamba hakuna hata kimoja kilichosahauliwa. Nilipokosea, niliamriwa kuanza upya. Yamkini huko ndiko ilikoanzia taaluma yangu ya isimu.

Msomaji asiyejua Gĩkũyũ huenda akauona huo kuwa udhia wa bure. La hasha! Lugha hii ina irabu saba, ilhali alfabeti ya Kirumi ina tano tu. Zile mbili za ziada ndizo ĩ na ũ. Hebu litazame jina la lugha yenyewe: lina irabu tatu, na zote tatu zina kiwimbi. Ukiviondoa, umekosea kila irabu iliyomo. Wakamba, Waembu na Wameru pia huzitumia herufi hizi. Hata hivyo vyeti na magazeti yetu huandika Wanjiku na Kirinyaga bila haya, na marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka mwaka 2025, mara nyingi alichapishwa kana kwamba jina lake lina irabu za Kiswahili. (Chaka penyewe pameandikwa kwa tahajia ya Kiswahili, alfabeti ya Gĩkũyũ haina ch, ina c.)

Likizo iliyopita mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesomea tarakilishi, alinijia na mashine yake kwapani. Alikuwa ameunda programu ya kamusi ndogo, yenye maneno ambayo nyanya yake huyatumia na vijana wa sokoni hawayajui tena.

“Mjomba, nimelitafuta neno mũndũ, programu inaniambia halimo. Nami naliona hili hapa kwa macho yangu!”

Tarakilishi haijui herufi, inajua nambari. Katika orodha ya kimataifa, ĩ ni nambari 297 na ũ ni 361. Lakini orodha hiyo hiyo inaruhusu ũ iandikwe kwa hatua mbili: kwanza u, ambayo ni 117, kisha kiwimbi peke yake, ambacho ni 771. Kwenye kioo zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Kwa mashine ni vitu tofauti kabisa. Maneno aliyoyapiga mpwa wangu kwa simu yalikuwa ya namna ya kwanza, na yale aliyoyanakili kutoka kwa rafikiye yalikuwa ya namna ya pili.

Nambari hizo hazikuteremka kutoka mbinguni. Zilikaliwa vikao na kupigiwa kura. Orodha ya Kimarekani ya mwaka 1963 ilikuwa na nafasi 128, ambazo zilikitosha Kiingereza na, kwa bahati tu, Kiswahili pia. Mwaka 1987 ikatoka orodha ya kimataifa ya nafasi 256 kwa ajili ya Ulaya Magharibi: é ya Kifaransa imo, ñ ya Kihispania imo, zetu hazimo. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika insha nzima kwa î na û, nikijua fika kwamba naidanganya lugha. Hata hivyo ĩ na ũ zilikuwa zimeingia tangu 1988 katika orodha nyingine, iliyokusudiwa lugha za Baltiki, Kisami na lugha ya Greenland. Watu wa Greenland walikuwa na herufi hizi katika tahajia yao ya zamani, ambayo waliiacha mwaka 1973! Kivietinamu nacho kinazo hadi leo. Mwaka 1991 rasimu ya kwanza ya orodha moja ya maandishi yote ya dunia, ISO 10646, iliangushwa katika kura ya mataifa, huku makampuni ya tarakilishi yakiwa na orodha yao iitwayo Unicode. Ilibidi pande mbili hizo zipatane, na kanuni ikachapishwa mwaka 1993. Sisi tukazikuta herufi zetu humo, zikiwa zimetangulia kuingia kwa lugha za wengine.

Lugha za programu nazo zina kamati yake. Mwaka 1987 shirika la viwango la kimataifa, ISO, na lile la mambo ya umeme, IEC, yote yenye makao Geneva, yaliunda kamati ya pamoja, JTC 1. Chini yake kamati ndogo SC 22 huratibu kanuni za C, C++, Fortran, Cobol na nyinginezo, pamoja na violesura, yaani milango ambayo programu huitumia kuzungumza na mfumo wa mashine. Herufi ni kazi ya kamati nyingine, SC 2, na mara kwa mara moja haina budi kuisikiliza nyingine. Wanaopiga kura ni mashirika ya viwango ya nchi, kila nchi kura moja. Rasimu ya kimataifa hupita ikiungwa mkono na thuluthi mbili za wanachama washiriki, na kura za kupinga zisizidi robo ya kura zote.

Toleo la C++ lililochapishwa mwaka 2024 linaamuru kwamba majina ndani ya programu yawe ya umbo lililounganishwa: 361 yakubaliwa, 117 ikifuatwa na 771 yakataliwa. Ni uamuzi mwema, nami nauunga mkono. Lakini pia ni uamuzi juu ya tahajia ya Gĩkũyũ, na sidhani kuna aliyeuliza maoni ya Nyeri.

Kilichomtesa mpwa wangu zaidi, hata hivyo, ni ritifaa. Jina la babake, tuseme ni Ng'ang'a, linazo mbili. Katika SQL, lugha ya hifadhidata yenye kanuni ya kimataifa tangu 1987, ritifaa ndiyo inayofungua na kufunga maneno. Kanuni yenyewe imetoa dawa: iandike mara mbili, nayo mashine itaelewa kwamba ni sehemu ya neno. Aliyeunda mfumo wa usajili wa chuo alichojiunga nacho kijana hakujishughulisha. Jina likakataliwa, karani akaandika Nganga, cheti cha shule kikasema hivi na chuo kikasema vile. Dada yangu akapanda matatu mara mbili kwenda mjini kwa wakili, ili mwanawe aape kwamba yeye na yeye ni mtu mmoja. Mkopo wa masomo ukafika muhula unakaribia kwisha.

Sisi wa isimu tunaijua hadithi hii. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na Kimvita kikashindwa kikiwa nyumbani kwake. Kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, wenye lugha hawakuwa mezani. Leo hatuna kisingizio hicho. Kenya ina KEBS, shirika la viwango lililoanzishwa mwaka 1974, nalo ni mwanachama wa ISO; kwa hiyo njia ya kuzisoma rasimu na kuzitolea maoni ipo. Wahandisi hudhani tahajia ni kazi ya walimu wa lugha, na walimu wa lugha hudhani nambari ni kazi ya wahandisi. Shuleni hao wawili hunywa chai meza moja wasiulizane neno. Nawalaumu hasa wenzangu wa vyuo vikuu, nami nimo: tumeandika makala chungu nzima juu ya irabu saba, na sijui hata moja iliyopelekwa mbele ya kamati ya viwango.

Mpwa wangu aliongeza mstari mmoja unaounganisha kila irabu na kiwimbi chake kabla ya kutafuta, na mũndũ akapatikana. Akampelekea nyanya yake mashine jikoni. Mama akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya kioo polepole, neno kwa neno.

“Hapa,” akasema, “umeruka kimoja.”