Mwendelezo Uliowahi Mno

Left 4 Dead, gemu la kampuni ya Valve ya Marekani, lilitoka Novemba 2008. Wachezaji wanne hushirikiana kupenya makundi ya mazombi. Juni 2009, kwenye maonyesho ya E3 mjini Los Angeles, Valve ikatangaza kuwa Left 4 Dead 2 ingeuzwa Novemba ya mwaka huohuo.

Mashabiki wakaja juu. Valve ilijulikana kwa kuyaongezea magemu yake vitu vipya bila malipo, kama ilivyofanya kwa Team Fortress 2, na wanunuzi walitarajia hayo hapa pia. Sasa walitakiwa kulipa tena baada ya mwaka mmoja tu. Hofu kubwa zaidi ilikuwa mgawanyiko: gemu la kucheza pamoja mtandaoni hufa wachezaji wakihamia kwingine. Makumi ya maelfu wakajiunga na kundi la kususia kwenye Steam, duka la Valve yenyewe.

Valve haikubishana nao sana. Iliwaalika viongozi wawili wa mgomo makao yake makuu, jimboni Washington, wakalijaribu gemu jipya na kulisifu. Oktoba kundi likavunjwa. Wapo walionung'unika kwamba viongozi wamenunuliwa kwa tiketi ya ndege, lakini ukarimu huo peke yake usingetosha kama gemu lingekuwa bovu.

Left 4 Dead 2 lilitoka Novemba 2009 kama ilivyopangwa. Baadaye sehemu zote za gemu la kwanza zilihamishiwa humo, bure kwa wachezaji wa kompyuta.