Kwa Nini Mgonjwa wa Presha Hupewa Dawa Mbili

Mkazi wa Sindo anayetoka kliniki na aina mbili za dawa za shinikizo la damu huenda akajiuliza: je, moja haitoshi? Jibu liko kwenye figo.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1898, Robert Tigerstedt na Per Bergman, wakiwa Uswidi, walidunga sungura maji yaliyokamuliwa kutoka figo za sungura wengine. Presha ikapanda. Kiini chake walikiita renini.

Figo humwaga renini zinapohisi presha imeshuka. Hatua zinazofuata hubana mishipa na kuzuia chumvi isitoke mwilini, na presha hupanda tena. Majaribio kwa wanyama yalionyesha kuwa dawa za kupanua mishipa, na zile za kukojoza, huongeza renini. Yaani dawa inashusha, figo zinapandisha.

Propranolol hupunguza renini inayotoka. Enalapril na losartan haziizuii kutoka, bali huzima athari yake. Ndiyo maana daktari huunganisha dawa: moja ishushe presha, nyingine izizuie figo kuipandisha.

Kwa hivyo, anayeacha dawa moja kwa kujihisi mzima huipa presha nafasi ya kurudi kimyakimya, na kiharusi hakipigi hodi.

Wakazi wanashauriwa kutoacha wala kupunguza dawa bila kumwona mhudumu wa afya. Mwanamke anayetumia enalapril au losartan aende kliniki mara tu anapogundua ni mjamzito, kwani dawa hizo zinaweza kumdhuru mtoto tumboni.