Darubini Isiyo na Kioo: Istilahi ya Kiswahili kwa Chombo cha Miale ya Gama

Makala haya yanahoji iwapo neno darubini linafaa kwa chombo cha angani kinachopokea miale ya gama. Swali hili lilizuka Puta, kwenye mwambao wa Ziwa Mweru nchini Zambia, ambako Kiswahili huvuka ziwa kutoka Kongo pamoja na biashara ya samaki. Nilipokuwa nikieleza chombo hicho, mzee mmoja mvuvi aliniuliza: "Mwalimu, kama hakina kioo, kinaonaje?"

Hoja yake ina uzito. Mwale wa gama unaotafutwa una nishati inayozidi ya mwanga kwa zaidi ya mara milioni moja. Hauakisiwi na kioo wala kukusanywa na lenzi. Angahewa nayo huuzuia usifike ardhini. Ndani ya chombo, mwale hugonga bamba jembamba la metali, ukatoweka na kuacha elektroni na pozitroni. Wataalamu hufuata njia za chembe hizo mbili na kukadiria mwale ulitoka upande gani. Nikamjibu mzee kwa lugha ya kazi yake: samaki haonekani, ila boya likizama hujulikana alipo.

Chombo cha aina hiyo, SAS-2, kilirushwa Novemba 1972 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Umeme wake uliharibika Juni 1973, lakini kilikuwa kimekwisha kugundua chanzo ambacho Waitaliano walikiita Geminga. Jina hilo hudokeza kundi la nyota la Gemini, na katika lahaja ya Milano husikika kama "hakipo", kwani kwa takriban miaka 20 asili yake haikujulikana. Ni nyota ya nyutroni.

Kabla yake, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza mahususi kwa miale ya eksi kutoka angani ilirushwa hapohapo, ikaitwa Uhuru, kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Kiswahili kilitoa jina. Maelezo yakabaki kwa Kiingereza.

Napendekeza darubini ibaki. Asili yake ya Kiajemi ni "kiona mbali", wala haitaji kioo. Kinachohitaji kurekebishwa ni fasili inayoifunga kwenye lenzi, kabla vitabu vya shule havijainakili.