Kiangazi cha Bariadi si Majira ya Uvivu

Wako watu wasemao kwamba kiangazi cha Bariadi ni majira ya uvivu: pamba imekwisha kuchumwa, ardhi ya mbuga imepasuka kwa ukavu, na vijana washinda ngomani. Maneno hayo hatuyakubali.

Italia nayo ina kiangazi kikali. Tarehe 11 Agosti 2021, kisiwani Sicily, joto lilifika digrii 48.8, nalo ndilo kubwa kupita yote yaliyothibitishwa katika Ulaya. Lakini ni katika mwezi huo huo wa Agosti, mwaka 1932, Waitalia walipoanzisha tamasha la sinema la Venice, ambalo lingali likifanyika. Hatujasikia wakiitwa wavivu kwa ajili hiyo.

Kwa nini basi Msukuma asifiwe alimapo tu? Tangu karne ya 19 Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma baada ya mavuno. Hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Watu huamua kwa miguu yao! Hawa wakitoa chatu, wale huleta sanamu za kuchezesha. Na katika bugobogobo, jembe lile lile la masika hurushwa juu na kudakwa kwa mdundo.

Kwa viongozi wa vijiji vya Simiyu tuna ombi moja: viwanja vya ngoma visikatwe kuwa vya maduka, na miti ya kivuli ipandwe pembeni, maana jua la Septemba halimbagui mchezaji na mtazamaji.