Taa ya Novemba 10

Wapenda picha wanaozunguka Ziwa Superior, Marekani, kusaka minara ya kuongozea meli, wengi huishia Split Rock, jimboni Minnesota. Mnara umekaa juu ya jabali la mita 40 hivi. Ulijengwa baada ya dhoruba ya 1905 kuvunja meli, ukawaka 1910, ukazimwa 1969.

Ukiupiga mchana unapata picha safi, lakini postikadi tu hiyo! Wajanja hungoja Novemba 10 jioni. Tarehe hiyo mwaka 1975, meli Edmund Fitzgerald ilizama ziwani humo na mabaharia wote 29. Majina yao husomwa, kengele hugongwa, ndipo taa huwashwa tena. Shuka chini ufukweni, kamera kwenye stendi, flashi zima kabisa. Baridi sasa, wee acha tu!